Mngoje Bwana, Shamba Usiliuze

Watu wa Kianyaga huku Kirinyaga na vitongoji vyake, kwa kuwa wao na wazazi wao wamelelewa karibu na misheni ya Kabare iliyofunguliwa na wamishenari wa Kianglikana mwaka 1910, si wageni wa habari za siku za mwisho. Vitabu vya Danieli na Ufunuo husomwa katika mikutano ya injili siku za soko, hutajwa makaburini, na husikika redioni jikoni alfajiri, kabla wachumaji hawajajitwika vikapu kwenda kwenye majani chai. Kwa hiyo nasaha hii haikukusudiwa kumpokonya mtu imani ya kwamba Kristo atarudi, maana imani hiyo imo katika kanuni ambayo Waanglikana, Wakatoliki na Wapresbiteri huikiri, na mimi niandikaye huikiri nao. Imekusudiwa kwa mtu ambaye ametoka katika mkesha, akafika kwake usiku wa manane, akawatazama watoto waliolala, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama kuna maana yoyote ya kulipa karo ya muhula ujao.

Mtu huyo asichekwe. Dhihaka aghalabu humsukuma mtu kwa wale wasiomcheka, nao ndio wale wale waliomtia fadhaa. Anachohitaji ni kipimo, na kipimo nitakachompa ni kimoja tu: kabla hajatenda jambo kwa sababu ya unabii, na aulize kama jambo hilo, endapo unabii hautatimia, laweza kutenguliwa. Kufunga chakula siku moja kunatenguka jioni uji ukiiva. Kukesha kunatenguka kwa usingizi. Kuacha pombe, kumwomba radhi jirani, kulipa deni la zamani, haya hata yasipotenguka hayajamdhuru mtu. Lakini shamba lililouzwa, mtoto aliyetolewa shuleni hata rika lake likampita, dawa iliyoachwa na mgonjwa wa kisukari, mwili wa mtoto ulionyimwa maji, hayo hayana marejeo, na mwalimu yeyote wa dini anayeyadai kwa jina la tarehe anapaswa kutazamwa kwa hadhari kubwa, hata kama sauti yake ni tamu na machozi yake ni ya kweli.

Ushahidi wa jambo hili hatuna haja ya kuusafiria mbali. Mwaka 2006, katika Nyandarua, ng'ambo ya milima ya Aberdare kwa mtu atokaye Nyeri, wafuasi wa dhehebu liitwalo House of Yahweh, ambalo makao yake makuu yako karibu na mji wa Abilene katika jimbo la Texas huko Marekani, walijichimbia mahandaki wakajiweka tayari, kwa sababu kiongozi wao, Yisrayl Hawkins, alikuwa ametangaza kwamba vita vya nyuklia vingeanza tarehe 12 Septemba. Tarehe ikafika, ikapita. Kiongozi akataja nyingine, ya mwaka 2008, nayo ikapita. Waumini wale walipata fedheha, lakini fedheha hutibika: mtu hutoka shimoni, hujipangusa udongo, na akienda shambani atayakuta mahindi yake palepale alipoyaacha.

Huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mambo hayakwenda hivyo. Wafuasi wa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu, iliyoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walikuwa wameambiwa kwamba dunia ingefika kikomo mwaka 1999 ukimalizika, na wengi wao, kwa kulisadiki neno hilo, walikuwa wameuza mashamba, mifugo na nyumba, fedha zikaingia mikononi mwa viongozi. Mwaka 2000 ulipoingia na jua likachomoza kama desturi yake, palianza manung'uniko ya watu waliotaka mali yao irudishwe. Na tarehe 17 Machi mamia ya waumini, watoto wakiwa miongoni mwao, waliteketea kwa moto ndani ya nyumba ya ibada iliyokuwa imefungwa wasiweze kutoka, na siku zilizofuata miili mingine mingi ikafukuliwa katika viwanja vilivyotumiwa na harakati hiyo. Ningependa msomaji alizingatie jambo moja hapa, kwa kuwa wengi hulikosa: hatari kubwa haikuwa siku iliyotabiriwa, bali miezi iliyofuata, wakati ambapo aliyepokea hakuweza kurudisha na aliyetoa hakuwa na mahali pa kurudi. Lau wangalikuwa na mashamba yao, wengi wangalikwenda zao Januari ile wakiwa na haya usoni na jembe begani.

Kuhusu Shakahola sitasema mengi, kwa sababu kila nyumba ya Kenya inayajua. Paul Mackenzie aliyekuwa na kanisa mjini Malindi, akihubiri dhidi ya shule, hospitali na ile sajili ya serikali iitwayo Huduma Namba, alilifunga kanisa lake mwaka 2019 na wafuasi wakaanza kuhamia msitu huo wa Shakahola katika kaunti ya Kilifi. Kuanzia Aprili 2023 makaburi yakafukuliwa, na hesabu ya miili ikapita 400. Yeye na wenzake walishtakiwa, nao wakayakana mashtaka. La kuangaliwa ni kwamba waliokwenda kule hawakuanza kwa kujinyima chakula hadi kufa. Walianza kwa kumtoa mtoto shule, wakaendelea kwa kuacha dawa, kisha wakauza walichokuwa nacho; na jirani aliyeiona ile hatua ya kwanza akanyamaza kwa kuogopa kuingilia dini ya mtu, alikuwa ameona jambo lisilorudishika likitendeka mchana kweupe.

Pamoja na hayo, isidhaniwe kwamba kila mwenye ndoto na maono ni mtu wa kuitiwa polisi. Nchi hii ya Mlima Kenya imewajua Arathi, ambao leo twawaita Akorino, tangu miaka ya 1920. Walivaa vilemba, wakaomba kwa sauti kuu, wakatoa unabii, serikali ya kikoloni ikawahofu, na mwaka 1934 polisi waliwaua watatu wao katika msitu wa Ndarugu, akiwamo Joseph Ng'ang'a. Wajukuu wa imani ile tunao sokoni, wanauza viazi na kabeji na kupeleka watoto shule. Unabii peke yake hauui mtu, na serikali inayoudhania kila unabii kuwa uasi hutenda dhuluma.

Inafaa pia kujua kwamba Wakristo hawajapata kuwa na shauri moja juu ya mambo haya, ili mhubiri anaposema kwamba ratiba yake ndiyo Biblia yenyewe, msikilizaji awe na pa kusimama. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliifasiri ile miaka elfu ya Ufunuo kuwa ni zama za kanisa, si muda wa kuhesabiwa kwa kalenda, na makanisa mengi ya kale yamefuata njia hiyo. Ule mpango wa kunyakuliwa kwa siri, kisha miaka saba ya dhiki, kisha ufalme wa miaka elfu, ambao vijana wetu wameuona katika filamu wakadhani mitume waliufundisha hivyo hivyo, ulipangwa na John Nelson Darby katika karne ya 19, ukaenezwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909. Mwenye kuuamini simwiti mpotovu, maana wamo humo watu wacha Mungu kunipita mimi. Namwomba tu ajue umri wake, na asiuze ng'ombe kwa nguvu ya mchoro wa mtu mmoja.

Hata walioaibika kwa tarehe wamepata kuwa na mwisho mwema pale walipoamka asubuhi na kushika kazi. William Miller, mkulima wa Marekani, alihesabu kutoka Danieli hata hesabu za wafuasi wake zikasimama juu ya tarehe 22 Oktoba 1844, na wako walioacha mazao yao shambani bila kuvunwa kwa kuwa hawakuona haja. Kutokana na masikitiko yale lilizaliwa, pamoja na mengine, kanisa la Waadventista, ambalo lilipofika Gendia karibu na Ziwa Viktoria mwaka 1906 lilijenga misheni, na baadaye shule na hospitali. Watu waliodhani hapatakuwa na msimu mwingine wa kuvuna wakawa wafunguaji wa zahanati. Na vivyo hivyo Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini huko Rwanda ukafika kwetu mwaka 1937: hao ndugu waliookoka waliimba sana juu ya kurudi kwa Yesu, lakini alama yao iliyowashangaza hata wapagani ilikuwa kurudisha vitu walivyokuwa wameiba na kulipa madeni ambayo mwenye kudai alikwisha kuyasahau. Hivyo ndivyo Mtume Paulo alivyowataka Wathesalonike, ambao baadhi yao walikuwa wakizurura bila kazi na kula jasho la wengine: watulie, wafanye kazi, wale chakula chao wenyewe.

Sasa nije kwenye shamba, kwa sababu hapo ndipo mtu wa Kirinyaga hupimwa. Msomaji na afungue Yeremia, sura ya 28 na zinazofuata. Nabii Hanania aliwapa watu tarehe fupi na tamu, miaka miwili tu na utumwa wa Babeli ungekwisha. Yeremia akawaandikia wale wahamishwa kwamba miaka ni 70, kwa hiyo wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuutakia heri mji ule waliokaa. Wala hakuishia kwenye barua. Jeshi la Babeli lilipokuwa limeuzingira Yerusalemu, naye mwenyewe amefungwa, tena akiwa na yakini kuliko mtu yeyote kwamba mji utaanguka, alinunua shamba la binamu yake Hanameli huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akaipima fedha mizanini mbele ya mashahidi, akatia sahihi hati na kuipiga muhuri, kisha akamwagiza Baruku aiweke katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Katika Maandiko yote sijui unabii wa maangamizi ulio hakika kuliko ule, na nabii wake alinunua shamba, hakuuza, na alijali hati kama ajalivyo mzee yeyote wa huku kwetu Gichugu.

Mkahawa wa aina ya SL28 huchukua karibu miaka mitatu tangu kupandwa hata kutoa mavuno ya kwanza ya maana, na ukikatwa kisiki upate kuchipua upya, mkulima hungoja tena. Hakuna apandaye miche hiyo ila ameweka dhamana juu ya miaka ijayo. Kwa hiyo mwenye wasiwasi wa kiyama namshauri apande, japo mashina machache, na apalilie yale aliyonayo, si kwa kuonyesha kwamba haamini, bali kwa sababu mikono iliyoshika jembe huipunguzia akili taharuki. Na endapo amefikia kusema kwamba atauza, basi jamaa zake wajue kwamba sheria imeweka vizingiti ambavyo ni rehema kwao. Uuzaji wa ardhi ya kilimo hauwi halali bila idhini ya bodi ya ardhi, na nyumba au shamba la ndoa haliuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, kama ilivyo katika sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013. Mama asitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi aliyoletewa usiku baada ya maombi. Tena akiona dalili kwamba mambo yanafanywa kwa siri, na aende kwenye ofisi ya ardhi Kerugoya aulize namna ya kuweka zuio juu ya hati, kisha siku ya bodi ahudhurie na aseme mbele ya wazee kwamba hajaridhia. Hilo si uasi dhidi ya mume. Ni kumtunzia mume pa kurudi.

Fedha taslimu zina hadithi yake. Bonasi ya majani chai hulipwa kwa desturi mwezi wa Oktoba, na malipo ya kahawa nayo yana msimu wake unaojulikana na kila mwenye duka, kila mwenye kudai, na, nathubutu kusema, kila mwenye maono. Sadaka ni haki ya Mungu na hakuna anayezuia. Lakini mtu aagizwaye kutoa yote kwa simu usiku huu huu, kwa sababu fedha haitakuwa na thamani mwezi ujao, na amuulize mwagizaji swali la adabu: ikiwa fedha haitakuwa na thamani mwezi ujao, mchungaji wetu ataifanyia nini? Swali hili nimependa kulifundisha vijana, kwa maana jibu lake husikika hata mtu akinyamaza.

Juu ya alama ya mnyama, yaani ile nambari ya sura ya 13 ya Ufunuo, kitabu hicho kiliandikwa kwa makanisa saba ya Asia Ndogo chini ya dola ya Rumi, na mizizi ya hofu yake ni swali la nani aabudiwe. Sajili ya Huduma Namba ilipokuja mwaka 2019 wako waliokataa kwa hofu hiyo, kama wengine walivyoikataa chanjo ya korona baadaye. Mtu mzima ana hiari ya kubishana na serikali juu ya faragha yake, na pengine ana haki. Lakini mtoto aliyekosa cheti cha kuzaliwa kwa sababu babaye aliogopa nambari hupata taabu ya kusajiliwa kwa mtihani, na hilo babaye hataweza kumlipa.

Na dawa. Mgonjwa wa shinikizo la damu akiacha vidonge haoni kitu wiki ya kwanza, ndiyo sababu ushuhuda wa uponyaji hutolewa wiki ya kwanza. Mwenye kisukari aishiye kwa sindano ya insulini akiiacha aweza kufa katika siku chache. Aombewe, tena kwa kuwekewa mikono, ila sindano iendelee mpaka daktari mwenyewe aseme imetosha, kwa kuwa muujiza wa kweli hauogopi kupimwa katika hospitali ya Kianyaga. Kufunga kusivuke maji, na mtoto asifungishwe kamwe.

Atakayeuliza kama basi Danieli asihubiriwe, nitamjibu kwa kumtaja mwana wa Kirinyaga hii hii. Askofu David Gitari, aliyezaliwa Ngiriambu, na ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Waanglikana wa Kenya, alihubiri huko Nyeri mwaka 1987 kutoka sura ya sita ya Danieli, katika siku za ubishi mkali juu ya katiba na kura ya kupanga mlolongo. Hakupiga hesabu ya majuma. Alionyesha jinsi wakubwa wa dola walivyotunga sheria kwa haraka ili kumnasa mtu mmoja mwadilifu, na jinsi mfalme aliyeitia sahihi bila kufikiri alivyojikuta amefungwa nayo. Na wenye mamlaka walielewa vizuri mno, wakamshambulia kwa maneno, na mwezi wa Aprili 1989 genge likaivamia nyumba yake usiku, akanusurika. Tofauti ya mahubiri yale na ya mweka tarehe ni kwamba msikilizaji wa Gitari alirudi nyumbani akiwa na kazi zaidi ya kufanya, ilhali msikilizaji wa mweka tarehe hurudi akiwa ameondolewa hata zile alizokuwa nazo.

Limebaki suala la namna ya kusema na mtu wa nyumbani ambaye amekwisha kuingiwa. Msibishane naye aya kwa aya, maana amefundishwa majibu, na kila mnaposhindana hujiona anateswa kwa ajili ya haki. Mke na aseme kwa upole, mbele ya chai na si mbele ya mashemeji: "Baba watoto, mimi namngoja Bwana pamoja nawe. Karo tulipe tu; akija kabla ya mtihani, hatutakuwa tumepoteza kitu." Mwana naye asimwambie mamaye kwamba amerogwa na wahubiri, amwombe: "Mama, meza kidonge hiki kwa ajili yangu, kisha tuombe wote." Mzee wa kanisa, au kiongozi wa kikundi cha akina mama, aitwe mapema, kabla jambo halijawa la ukoo mzima. Lakini mtoto akiwa ananyimwa chakula, shule au dawa, muda wa upole umekwisha, na chifu na ofisi ya watoto ni lazima waambiwe siku hiyo hiyo, nayo haitakuwa usaliti.

Kisha itafika asubuhi ya baada ya tarehe, na ndugu yenu atatokea njiani na bunda lake, amekonda, hataki kutazamwa. Asilazimishwe kutoa ushuhuda Jumapili hiyo, wala asisimuliwe yale mliyokuwa mmemwambia. Kama kiwanja kimekwenda, apewe robo ekari ya kulima kwa masharti yanayojulikana na yaliyoandikwa, na kikundi kimkopeshe mbolea ya msimu mmoja. Ikiwa aliuza bila idhini ya bodi au bila ridhaa ya mkewe, wakili aonwe upesi, kwa maana mauzo ya namna hiyo huenda yakabatilishwa. Aliyeacha dawa apelekwe zahanati kabla ya kupelekwa kanisani. Na watoto warudi darasani Jumatatu ile ile, hata kama muhula uko katikati na sare zimewabana. Mwalimu mkuu aambiwe tu kwamba walikuwa nyumbani.